Je, Joto Limekwisha Kufika Laini Saba?

Mazungumzo ya leo yanahusu swali ambalo huzuka kila mvua inapochelewa au inapokuja kwa kishindo, nalo ni hili: je, ongezeko la joto duniani limekwisha kufika, au bado ni habari ya wataalamu na mikutano ya mbali? Swali hilo litaulizwa kuhusu mahali pamoja, yaani Laini Saba, mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera jijini Nairobi, huku Kawangware nayo ikitajwa inapobidi, kwa sababu ni katika mitaa ya aina hiyo ambapo watu wengi wanaishi karibu mno na jua, mvua na mto, na kwa hiyo wana maoni mengi juu ya mambo hayo, maoni ambayo hayastahili kudharauliwa hata pale yanapopingana.

Kabla ya maoni hayo kupimwa, yafaa istilahi chache zielezwe, ili msikilizaji aliyefungua redio sasa hivi asiachwe nyuma. Ongezeko la joto duniani ni kupanda kwa wastani wa joto la uso wa nchi kavu na bahari, kunakosababishwa hasa na gesijoto, yaani gesi kama kabonidioksidi, iitwayo pia hewa ya ukaa, ambazo hutoka katika makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na misitu inayofyekwa, kisha zikakaa angani na kulizuia joto la dunia lisitoke kwa urahisi. Hali ya hewa ni yale yanayoonekana leo na kesho, jua, mvua, upepo na baridi. Tabianchi ni wastani wa hali hizo kwa muda mrefu, ambao wataalamu kwa kawaida huuhesabu kwa miaka 30. Mwenye duka hajui kama biashara yake inakua kwa kutazama mauzo ya Jumamosi moja, bali hufungua daftari la miaka kadhaa. Vivyo hivyo, hakuna awezaye kuamua habari ya tabianchi kwa mvua moja iliyomlowesha au kwa jua moja lililomchoma. Jambo hilo lishikwe vizuri, kwa kuwa mabishano mengi ya vibandani huzaliwa pale hali ya hewa ya juma moja inapochukuliwa kuwa ndiyo tabianchi.

Rekodi za dunia zinasema nini? Mwaka 2021, Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, lijulikanalo kwa herufi IPCC, lilitamka bila shaka yoyote kwamba shughuli za binadamu ndizo zilizoipasha dunia joto, na kwamba katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto la zaidi kwa takriban nyuzi 1.1 kuliko ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo likautangaza mwaka 2024 kuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa. Kwa hiyo, kwa upande wa dunia nzima, swali limejibiwa. Lakini mkazi wa Laini Saba haishi katika wastani wa dunia. Anaishi katika chumba, na swali lake la haki ni hili: wastani huo umemfikia yeye kwa njia gani?

Maoni ya kwanza, na huenda ndiyo yenye wafuasi wengi, ni kwamba joto limefika na wala halihitaji kuthibitishwa na mtu yeyote. Wenye maoni hayo hutaja kwamba baridi ya Julai, ambayo zamani ilimfanya mtu avae makoti mawili, siku hizi haina makali yale. Kwamba mvua ya masika, iliyozoeleka kuanza Machi, imepoteza kalenda yake, mara ichelewe, mara ikatike katikati, mara ishuke yote kwa usiku mmoja. Na kwamba joto la Februari halivumiliki tena. Ushahidi wao mkubwa ni chumba chenyewe. Nyumba ya kawaida ya Laini Saba ni chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kuta za udongo au mabati, paa la mabati lisilo na dari, na dirisha dogo, ikiwa lipo, linalotazama ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono mmoja. Ifikapo saa nane mchana katika mwezi wa Februari, bati humwaga joto moja kwa moja juu ya kitanda. Mama aliyejifungua majuzi hutoka na mtoto na kuketi kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akisogea kadiri kivuli kinavyosogea. Maziwa yaliyochemshwa asubuhi huwa yameanza kuganda. Na usiku, mlango unapofungwa kwa ajili ya usalama, joto la jiko na la miili ya watu watano au sita hubaki humo humo mpaka alfajiri. Mtu anayeishi hivyo hawezi kuambiwa kwamba joto ni nadharia.

Je, vipimo vinamwunga mkono? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kibera na mfupi zaidi kutoka Kawangware, na kipimajoto cha hapo ndicho ambacho kwa miaka mingi kimetoa habari za joto la sehemu hiyo ya jiji. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watafiti waliweka vipimajoto vyao ndani ya Kibera, Mathare na Mukuru katika msimu wa joto, wakaona kwamba mitaa hiyo ilikuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya lile lililosomwa Dagoretti, ambako kituo kimezungukwa na miti na nyasi. Maana yake ni nzito. Takwimu rasmi ya joto la Nairobi, hata inaposomwa kwa uaminifu kamili, si joto analoishi nalo mkazi wa chumba cha mabati, na mkazi huyo anaposema kwamba redio imetaja joto dogo kuliko analolisikia mwilini, yeye ndiye aliye karibu na ukweli.

Hapo ndipo yanapoingia maoni ya pili, ambayo husikika sana kutoka kwa mafundi na wazee waliokaa Kibera tangu ujana wao. Hao husema kwamba joto la Laini Saba halikutoka duniani, bali limetengenezwa hapo hapo kwa mabati, msongamano na ukataji wa miti. Wana hoja. Ardhi hii ilikuwa msitu wakati askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, walipoketishwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee wa Makina, kijiji kingine cha Kibera, bado wana simulizi za mashamba na vivuli mahali ambapo leo pana paa lililogusana na paa. Wataalamu huita hali hiyo kisiwa cha joto cha mjini, yaani eneo la mji linalokuwa na joto kuliko mashamba yanayolizunguka kwa sababu bati, lami na saruji hunyonya jua la mchana, na kwa sababu miti iliyokuwa ikipoza hewa kwa kuvukiza maji haipo tena. Kwa hiyo fundi hakosei anaponyosha kidole kwenye paa. Anakosea tu anapodhani kwamba sababu moja huifukuza nyingine. Joto la dunia na joto la mabati hujumlishwa, na mtu ambaye nyumba yake tayari ilikuwa mwisho wa uvumilivu ndiye anayeumizwa na nyongeza ndogo ambayo mwenye bustani na veranda hataitambua. Hilo linafaa kurudiwa: nyongeza ile ile ya joto si uzito ule ule kwa kila nyumba.

Maoni ya tatu ni ya wale wasemao kwamba mvua za namna hii zilikuwapo tangu zamani, na kwamba wanaoogopa leo hawakumbuki ya jana. Nao pia wana kumbukumbu ya kweli. Mvua kubwa za mwaka 1961, ambazo Wakenya wengi walizipa jina la mvua za Uhuru, zilifurika Afrika Mashariki nzima na kuliinua Ziwa Viktoria. Na mvua za 1997 na 1998 ndizo zilizolifanya neno El Niño kuwa la kila mtu, hata likawa jina la mvua yoyote inayozidi kiasi. El Niño ni kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa ikweta, jambo linalojirudia kila baada ya miaka michache na kubadilisha mvua katika nchi za mbali. Bahari ya Hindi nayo ina mabadiliko yake, ambapo upande wa magharibi, ulio karibu na Mombasa na Zanzibar, hupata joto kuliko upande wa Indonesia, na hapo mvua za vuli za Kenya huongezeka sana. Mambo hayo mawili ni ya asili na ni ya kale. Je, basi, si kweli kwamba hakuna jipya?

Jibu ni kwamba jipya lipo, nalo limo katika kiasi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na kwa hiyo mvua iliyokuwa ije kwa sababu za asili huja ikiwa imebeba zaidi. Vuli ya mwaka 2023 ilipoleta mafuriko Kenya, Somalia na Ethiopia, kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kupima kama tukio fulani limeongezwa nguvu na ongezeko la joto, lilihitimisha kwamba mvua hizo zilikuwa kubwa hadi mara mbili ya vile ambavyo zingekuwa bila binadamu kuipasha dunia joto, ingawa Bahari ya Hindi nayo ilichangia kwa sehemu yake. Hata hivyo, haki inadai kwamba upande wa pili nao utajwe. Kundi hilo hilo lilipozichunguza mvua za masika za 2024, zile zilizoua karibu watu 300 nchini Kenya, liliona mchango mdogo tu wa tabianchi, tena wenye mashaka, na likasema wazi kwamba ukubwa wa maafa ulitokana sana na jinsi miji inavyokua bila mpango, watu maskini wakisukumwa kwenye kingo za mito. Isitoshe, mvua za masika zilikuwa zikipungua tangu miaka ya 1980, ilhali hesabu za kompyuta zinazotabiri tabianchi zilionyesha kwamba zingeongezeka, na wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu tofauti hiyo. Mzee wa kijijini anayesema kwamba wasomi hawajakubaliana juu ya kila jambo la mvua, kwa hiyo, asichekwe na mtu. Amesema kweli kuhusu mvua, ingawa hilo si kweli kuhusu joto.

Sasa mazungumzo haya yanafikia maoni ya nne, ambayo pengine ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote kwa Laini Saba. Ni maoni ya wale wasemao: si tabianchi, ni mitaro. Mvua ikinyesha Laini Saba, maji huteremka kati ya nyumba kwa mifereji ambayo wakazi wenyewe wameichimba kwa jembe, mingine haizidi upana wa karai, ikibeba maji ya kufulia, mifuko, nyuzi za weave, maganda ya ndizi na kinyesi, na huelekea chini, katika vijiji vya Silanga na Soweto, mpaka Mto Ngong na Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na palikuwa na wakati ambapo mashua za matanga ziliteleza juu yake. Leo sehemu kubwa yake imezibwa na tope, magugu maji na taka, na eneo lililopaswa kuyapokea maji ya mvua haliwezi kuyapokea kama zamani. Mfereji mmoja ukizibwa kwa godoro kuukuu lililotupwa usiku, nyumba kumi za chini huamka ndani ya maji, na haijalishi kama mvua hiyo ilikuwa ya kawaida au iliongezwa nguvu na joto la dunia. Mwanamke anayechota maji machafu chumbani mwake kwa sufuria saa tisa za usiku ana haki ya kuuliza kwa nini aambiwe habari za barafu ya ncha za dunia, ilhali kinachomwangamiza ni mtaro ambao kaunti haijauchimba tangu ajue mji huu.

Na swali lake lina makali ya kisiasa ambayo hayafai kufunikwa. Ni rahisi sana kwa mwenye madaraka kuilaumu tabianchi, kwa sababu tabianchi haina afisa anayeweza kufukuzwa kazi. Mafuriko ya 2024 yalipozidi, serikali iliwaamuru wanaoishi kando ya mito wahame, na matingatinga yakapita Mathare na Mukuru yakibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, wengi wa waliobomolewa wakiwa hawana pa kwenda. Kisha Mei 10 ikatangazwa kuwa sikukuu ya kuwaomboleza waliokufa na ya kupanda miti. Kupanda miti ni jambo jema, na nchi ya Wangari Maathai haina haja ya kuelezwa hivyo, lakini mche uliopandwa Mei haupitishi maji ya Aprili. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba taarifa mpya zilionyesha nchi isingepata El Niño iliyohofiwa. Wiki chache baadaye, maji yakaja. Mwananchi aliyeyaona yote hayo akisema kwamba maneno ya tabianchi hutumiwa kumpumbaza, hasira yake ina msingi.

Lakini, na hapa msikilizaji aombwe asikilize kwa makini, hasira hiyo ikiachwa ielekee pabaya humdhuru mwenyewe. Mtu anayesema kwamba tatizo ni mitaro tu, na kwamba joto la dunia ni hadithi, atadai mtaro wa mvua ya jana. Atachimbiwa mfereji wa kipimo kile kile cha miaka ya baba yake, ushangiliwe, uzinduliwe kwa utepe, na mvua nzito itakapokuja, uzidiwe. Kwa kuwa joto limefika, mtaro wa Laini Saba unapaswa kuwa mpana na wenye kina zaidi ya uliotosha zamani. Hiyo ndiyo sababu ubishi kati ya tabianchi na mitaro hauna maana, na ndiyo hoja kuu ya mazungumzo ya leo: joto la dunia halikuja Laini Saba kwa njia yake lenyewe, limepita katika milango iliyoachwa wazi tangu zamani, mlango wa bati, mlango wa mfereji, mlango wa bei ya unga.

Bei ya unga imetajwa, na yafaa ielezwe, kwa maana ndio mlango usioonekana. Laini Saba hailimi mahindi. Wengi wa wakazi wake, hata hivyo, wana mizizi Ukambani, na wengine wanatoka magharibi mwa nchi, na kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua mfululizo ilishindwa katika sehemu kubwa za mashariki na kaskazini mwa Kenya, ukame ulioelezwa kuwa mkali kuliko yote kwa miaka 40. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kwamba joto la dunia liliufanya ukame huo uwe na uwezekano wa kutokea mara 100 zaidi, hasa kwa sababu joto kali lilivukiza unyevu wa udongo hata pale manyunyu yalipopatikana. Matokeo yalionekana kwenye rafu ya duka: katikati ya 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200. Vita vya Ukraine na kupanda kwa bei ya mbolea na mafuta vilichangia, na asiseme mtu kwamba ni jua peke yake. Lakini kibarua wa mjengo aliyekuwa akipeleka fedha Kitui ili mama yake anunue chakula ambacho shamba halikutoa, huku yeye mwenyewe akinunua unga kwa bei ile Laini Saba, alilipa mara mbili kwa ukame mmoja. Huyo ukimwuliza kama ongezeko la joto limefika, huenda akajibu kwamba hajui, ilhali amekwisha kulilipia.

Maji nayo yafuate hapo hapo. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka Bwawa la Ndakaini, lililo Murang'a kwenye miteremko ya Aberdare, na mvua ikikosekana huko, mgao wa maji huanza mjini, kama ilivyokuwa tangu Januari 2017. Mgao unapoanza, mitaa yenye matangi makubwa huvumilia. Kibera na Kawangware, ambako maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, bei hupanda siku hiyo hiyo, na foleni ya mitungi ya manjano huanza kupangwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Yapo pia maoni ya tano, kwamba haya ni mapenzi ya Mungu au adhabu kwa dhambi za watu. Mazungumzo haya hayana sababu ya kuivunjia heshima imani ya mtu yeyote. Itoshe kusema kwamba misikitini na makanisani Kibera hufundishwa pia kwamba binadamu ni mtunzaji wa dunia aliyokabidhiwa, na mtunzaji huulizwa hesabu.

Maoni ya sita husemwa kwa uchungu zaidi: kwamba tabianchi ni mradi wa wenye semina, posho na fulana zenye nembo. Septemba 2023 Mkutano wa Tabianchi wa Afrika ulifanyika katika jumba la KICC jijini Nairobi, kilomita chache tu kutoka Laini Saba, marais wakahutubia, Azimio la Nairobi likapitishwa, na wakazi wengi wa Kibera wakaona tu barabara zikifungwa. Kenya huchangia chini ya asilimia 1 ya gesijoto za dunia, na mchango wa mkazi wa Laini Saba, anayetembea kwa miguu kwenda kazi Industrial Area na kuwasha taa moja, haufai hata kutajwa. Uchungu huo, basi, ni wa haki, lakini unathibitisha kinyume cha kinachodhaniwa. Kama joto lisingekuwa limefika, pasingekuwa na fidia ya kudaiwa. Mfuko wa hasara na uharibifu, yaani fedha za kuzisaidia nchi zinazoumia kwa tabianchi ambayo hazikuiharibu, ulikubaliwa mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, Misri, na anayekana kwamba joto limefika anawasamehe deni wale wanaodaiwa.

Kwa yule ambaye bado ana shaka, upo ushahidi usiohusu bati wala mtaro wala siasa. Asubuhi isiyo na mawingu, aliye juu ya ghorofa Nairobi huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlima huo ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi imekwisha kutoweka, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeonya kwamba iliyobaki huenda ikaisha katika miaka ya 2030. Hakuna aliyejenga mabati kule juu wala kutupa godoro. Barafu inayeyuka hapo kwa sababu hewa imebadilika, na hewa hiyo ndiyo inayovutwa Laini Saba.

Joto, basi, limefika. Sasa lifanyiwe nini? Utabiri wa hali ya hewa utumike, kwa kuwa wakazi wa Kibera wamekwisha kuonyesha jinsi unavyoweza kutumika: kati ya 2018 na 2020, kupitia mradi ulioitwa DARAJA, habari za Idara ya Hali ya Hewa zilitafsiriwa katika lugha inayoeleweka na kusambazwa kwa redio, simu na viongozi wa mtaa, ili mtu ajue mapema ni usiku gani wa kuinua godoro na kuhamisha vitu kutoka sakafuni. Mwenye nyumba anayekusanya kodi kila mwezi aulizwe kuhusu dari na dirisha, maana dari ya bei nafuu chini ya bati hupunguza joto la chumba kuliko hotuba kumi. Na godoro kuukuu lisitupwe mtaroni, jambo ambalo halihitaji mfadhili wala semina.

Kubwa zaidi ni bajeti. Ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na sheria inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe makadirio ya bajeti katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na kuwasikiliza wananchi kabla ya fedha kupitishwa kwa mwaka unaoanza Julai 1. Aprili ndio mwezi wa mvua. Vikao hivyo hufanyika wakati ambapo wakazi wana shughuli ya kuchota maji vyumbani, na kwa sababu hiyo wengi huvikosa, na mtaro hukosa msemaji. Msikilizaji wa Laini Saba, na wewe wa Kawangware, mwulizeni mwakilishi wenu wa wadi, kuanzia Februari, kikao ni siku gani na kitafanyika wapi, mwende wengi, na mkifika mwulize mambo mawili: ni mitaro mingapi imetengewa fedha, na imepimwa kwa mvua ya miaka gani.